Siku Niliyovuka Kamba

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba dhahabu inasikia. Sikuambiwa hivyo kama hadithi ya kutishia watoto. Niliambiwa kama mtu anavyoambiwa kwamba jiko linaunguza. Huko machimboni, kwenye njia ya kutoka Ushirombo kuelekea Geita, watu wazima wenye akili zao walisema dhahabu iko hai ndani ya mwamba, inamchagua mtu, na ikiudhiwa hukimbia au hulipiza. Na kilichoiudhi kuliko vyote ni mwanamke kusogelea mdomo wa duara. Duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo lao. Kila duara lilizungushiwa kamba kwenye vigingi vinne. Wanaume waliivuka kamba ile mara nyingi kwa siku bila kuitazama, lakini mwanamke aliyeleta chakula aliweka sufuria chini, akaita kwa mbali, akarudi nyuma. Mwanamke aliye katika siku zake hakutakiwa hata kupita njia ile.

Tulihamia huko nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwetu ni Samuye. Pamba ilikuwa imetutupa misimu miwili mfululizo, baba akaamua kumfuata rafiki yake Luhende, ambaye alikuwa ametangulia machimboni na mke wake. Siku ya kuondoka, bibi mzaa baba alinivuta pembeni, nyuma ya zizi.

"Mayu," aliniambia. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na pia mtoto wa kike tunayempenda. "Huko uendako usilisogelee shimo. Mtu akifa, watakutafuta wewe."

Nilidhani anazungumzia mizimu.

Baba alikuwa amebatizwa ukubwani ili afunge ndoa na mama. Mfukoni alibeba rozari, kiunoni alifunga uzi mweusi aliopewa na mganga wa machimboni, na sikumbuki kama yeyote kati yetu aliona ajabu. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa kanisa. Kila Jumatano jioni, wanajumuiya walipokutana kusali nyumba hadi nyumba, alinichukua, nami niliongoza rozari kwa sauti kubwa kuliko watoto wote. Nilizijua sala zote kwa moyo. Nikadhani kuzijua ndiyo kuamini.

Mwaka mmoja ukapita hivyo. Kisha ikaja asubuhi ya Alhamisi ambayo mdogo wangu, Masunga, alishikwa na degedege.

Alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Alikuwa na homa tangu usiku, na kulipopambazuka mama alimkanda kwa maji akidhani imeshuka. Ghafla akakakamaa mikononi mwake, macho yakageuka juu. Mama alijaribu kumpigia baba simu, lakini ndani ya duara simu haikamati. Akanitazama.

"Kabula, kimbia. Mwambie baba yako aje sasa hivi. Mimi natangulia zahanati."

Nilikimbia. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope jekundu kila mahali, ndala zikawa zinanasa, nikazivua nikazishika mkononi. Nilipofika kwenye duara la baba nilisimama nje ya kamba nikaita. Hakuna aliyejibu. Kijana wa kuendesha winchi, ambaye kazi yake ni kukaa pale mdomoni na kuvuta ndoo, hakuwepo. Nikaita tena. Sauti yangu haikufika popote.

Yapo mambo mawili niliyoyafikiri nikiwa nimesimama pale, na nayakumbuka mpaka leo. La kwanza ni macho ya Masunga. La pili ni kwamba wiki ile ile nilikuwa nimevunja ungo, na aliyejua ni mama peke yake. Yaani mimi nilikuwa hasa yule ambaye dhahabu haimtaki.

Nikavuka.

Nilipiga magoti kwenye tope, nikainamisha kichwa juu ya shimo lile jeusi, nikapiga kelele: "Baba!"

Aliyejibu kwanza alikuwa Luhende. "Nani huyo anaita kama kengele ya misa?"

"Mimi Kabula! Masunga ana degedege! Mama amempeleka zahanati!"

 Kisha nikamsikia Luhende, chini kabisa, akisema kwa upole: "Nenda, kaka. Nenda kwa mtoto. Ndoo hii naijaza mwenyewe." Baba akaanza kupanda kwa vidato vilivyochongwa ukutani, akihema. Na huku anapanda, Luhende alianza kuimba, wimbo ule wanaoimba kwetu watu wakilima kwa kusaidiana, wa kuchangamsha majembe.

Baba alipotokea hakunikemea. Aliona nilipopiga magoti, akatazama huku na huku, akanishika mkono tukakimbia.

Masunga alipona. Walimchoma sindano, wakamtundikia dripu, na kabla ya saa sita alikuwa amelala usingizi wa kawaida, jasho likimtoka. Mama alikuwa bado anamshukuru Mungu kwa minong'ono pale kitandani wakati mtu alipoingia mbio kumtafuta baba. Duara lilikuwa limeanguka. Luhende alikuwa ndani.

Walichimba mchana kutwa na kesho yake. Walimtoa Ijumaa alasiri, nasi tulimzika Jumamosi, na katekista wetu ndiye aliyeongoza ibada kwa sababu padre alikuwa mbali. Baba alibeba jeneza mbele upande wa kulia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akitembea vile, kama anayeogopa kwamba ardhi itamshinda.

Lakini hata kabla hatujazika, maneno yalikuwa yameanza. Kwenye tope la mdomo wa duara zilikutwa nyayo. Nyayo ndogo, bila viatu, na alama mbili za magoti. Mzee Sayi, mwenye duara, alizifunika kwa turubai ili watu waje wazione. Kijana wa winchi aliapa kwamba hakuondoka mahali pake hata dakika moja, ila labda alipokwenda kujisaidia. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwenda kunywa chai. Baba alipoulizwa alitokaje, alisema alipanda kunywa maji, akakutana na habari za mtoto njiani.

Jioni ile ya Ijumaa alinikuta najifanya nachambua maharage.

"Usimwambie mtu," alisema. "Umesikia, mayu? Hata katekista."

"Baba, ni mimi niliyemuua?"

Alinipa mgongo. Kisha akatoka nje. Nimemsamehe mengi baba yangu, na hilo pia, lakini lilinichukua muda mrefu kuliko mengine. Mtoto akiuliza swali kama lile na mtu mzima akatoka nje, mtoto huwa ameshapata jibu.

Basi nikaamini. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfukia baba wa watu. Nilipojaribu kusali, maneno yaliyokuwa yakitiririka mdomoni mwangu kila Jumatano yalinikwama. Baba Yetu niliianza vizuri, lakini nikifika mahali pa kuomba tuokolewe na maovu, naishia hapo, kwa sababu niliona maovu yenyewe ndiyo mimi.

Walimtafuta mwenye nyayo, na walimpata. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba bibi yangu hakuwa akizungumzia mizimu. Alikuwa akizungumzia watu.

Waliyempata ni Mama Zawadi, mwanamke mfupi kutoka Kigoma aliyeuza uji na maandazi karibu na njia ya maduara. Hakuwa na mume pale, hakuwa na ndugu, na miguu yake ilikuwa midogo. Hiyo ilitosha. Mtu mmoja akasema alimwona asubuhi ile akipita na ndoo. Mwingine akasema siku zote maandazi yake yana kitu. Jumapili vijana walimpindulia sufuria ya uji mbele ya watu, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimetumwa maandazi. Uji ulitambaa mpaka karibu na vidole vyangu, Mama Zawadi akainua macho, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Rudi nyuma, mwanangu, utaungua."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa anaosha vyombo. Hakuniuliza maandazi yako wapi.

"Wamemmwagia?" alisema.

"Ndiyo."

Aliendelea kusugua sufuria ile ile, ambayo ilikuwa imeshatakata. Usiku uliopita nilikuwa nimewasikia yeye na baba wakibishana kwa Kisukuma, sauti za chini, baba akisema watatufukuza, mama akisema na yule mwanamke je. Sasa alikausha mikono kwenye kitenge.

"Kesho ni matanga," alisema. "Mzee Sayi atasimama pale kumtangaza. Nitasema mimi. Mimi ndiye niliyekutuma. Wewe utabaki na Masunga."

Nilishukuru. Naandika hivi bila aibu: nilishukuru kwamba mama atanibebea. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Lakini Jumatatu mchana, nikiwa nimebaki na Masunga mgongoni, nilishindwa kukaa. Sikuitwa na sauti yoyote, wala sikuota ndoto. Nilifikiri tu kwamba mama atafika pale na kusema maneno, na watamwambia anamkinga Mama Zawadi tu, na hatakuwa na la kuwajibu, kwa sababu yeye hakuwa pale kwenye duara. Niliondoka. Njiani nilisali, na kwa mara ya kwanza haikuwa sala ya kukariri. Nilisema, "Mungu, naogopa. Naogopa sana." Sikuongeza kitu. Niliendelea kutembea.

Watu walijaa uani kwa marehemu. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi upande wa pili. Mama Limi, mke wa Luhende, alikaa katikati ya wanawake, amejifunga kitambaa cheusi, mtoto wake Limi amelala miguuni pake. Mama Zawadi alikuwa amesimamishwa peke yake karibu na ua wa minyaa, vijana wawili nyuma yake. Nilifika mama yangu akiwa ameshasimama.

"…Mimi ndiye niliyemtuma Kabula," alikuwa anasema. "Mtoto alikuwa anakufa mikononi mwangu. Nyayo zile ni za binti yangu. Mwacheni huyu mama."

Uani pakavuma. Mzee Sayi akainua mkono. "Mama Kabula, tunakuheshimu. Unafunika mambo. Mume wako mwenyewe amesema alitoka kunywa maji. Sasa nani mwongo?"

Baba alikuwa kwenye benchi, kichwa chini.

Hapo Mama Limi alizungumza. Tangu Ijumaa, watu walisema, hakuwa ametoa neno zaidi ya kilio. Hakumwuliza mama habari za nyayo, wala za dhahabu.

"Kama alikwenda mtoto," alisema, "basi alimsikia. Alisema nini? Mume wangu, alisema nini?"

Mama akamgeukia baba. Hakujua. Baba alijua, lakini baba hakuinua kichwa.

Nikasema, "Mimi nakijua alichosema." Sauti ilitoka ndogo sana, ikabidi niseme tena.

Walinipisha. Wanawake wawili walivuta kanga zao nisizikanyage, na nililiona hilo. Nilipiga magoti mbele ya Mama Limi, Masunga bado mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Nikamwambia yote. Nikamwambia nilivuka kamba. Nikamwambia na lile ambalo hata mama hakulitegemea, kwamba nilikuwa katika siku zangu, na nikasikia ua mzima ukivuta pumzi. Nikamwambia Luhende aliuliza nani anaita kama kengele ya misa. Mama Limi alitoa sauti fupi, nusu kicheko, akaziba mdomo kwa kitambaa. Nikamwambia alivyosema nenda kaka, nenda kwa mtoto, ndoo hii naijaza mwenyewe. Na kwamba tulipoondoka alikuwa anaimba.

"Anaimba nini?"

"Ule wa kulima."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka bila kelele, kwa muda mrefu, na watu wote wakangoja.

"Ule huimba akiwa hana wasiwasi," alisema mwishoni. "Siku nne nawaza kwamba alikufa ananiita. Kumbe alikuwa anaimba." Akanishika kidevu akaniinua uso. Sitadanganya kwamba nilikuta upendo machoni mwake. Nilikuta uchovu, na kitu kama kunitafuta. Kisha akawageukia wanaume. "Mtoto alikwenda kumwita baba yake kwa ajili ya mdogo wake. Mlitaka afanye nini? Akae nje ya kamba mdogo wake anakufa?"

Mzee Sayi alisema mila ni mila, kwamba lazima ichinjwe mbuzi, na binti aogeshwe dawa mbele ya watu, la sivyo mashimo yote yataanguka. Baadhi ya wanaume wakaitikia. Niliona mikono ya mama ikinikaribia mabegani.

Ndipo baba aliposimama.

"Matimba yalikuwa yameoza," alisema.

Matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za duara zisibomoke. Baba alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kigumu. "Ya upande wa chini, matatu. Niliyashika kwa mkono wangu, yakamomonyoka. Nilikwambia, Mzee Sayi, siku kumi kabla. Ukasema tungoje tufike kwenye mwamba. Nikanyamaza, nikaogopa kuondolewa. Luhende pia alijua, tukaendelea kushuka. Binti yangu hakuangusha kitu. Nimesema uongo nilipanda kunywa maji. Alinipandisha yeye. Bila yeye mngekuwa mmezika wawili."

Alipomaliza alibaki amesimama, kana kwamba hajui kukaa kunafanywaje.

Sitasema kwamba watu waligeuka mara moja. Mzee Sayi alimwita mwongo, wapo waliocheka, wapo waliotema mate. Lakini kijana wa winchi aliondoka kimyakimya kwa nyuma, na wachimbaji watatu wa maduara ya jirani wakaanza kunong'onezana habari za magogo, na wale vijana wawili nyuma ya Mama Zawadi hawakujua tena wanamlinda nani. Katekista alianzisha sala. Tulisali kwa kukatikakatika, wengine hawakuitikia.

Nilimfuata Mama Zawadi alipotoka, hadi kibandani kwake. Nilitaka kumwomba radhi. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye shuka, na hakuacha kufunga.

"Siku tatu nimelala na viatu miguuni," aliniambia. "Siku tatu, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

Alifunga fundo la mwisho, akajitwika. "Nimekusamehe. Lakini hapa sikai." Akaenda zake. Sikumwona tena, wala sijui alikoishia. Nilichokisema kilikuwa kweli na kilikuwa kimechelewa, na nimejifunza kuishi na mambo hayo yote mawili.

Sisi pia hatukukaa. Baba hakupata tena duara la kumpokea, na baada ya wiki mbili tulirudi Samuye na magunia yetu. Hakuna aliyeniogesha dawa. Mbuzi nasikia walichinja, baada ya sisi kuondoka, na mwaka uliofuata nasikia duara jingine la Mzee Sayi liliporomoka, bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Wapo waliosema ni kwa sababu mimi sikuogeshwa. Wapo walioanza kukagua magogo.

Sasa mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ibadakuli, nashona nguo, na kila Jumamosi nafundisha watoto mafundisho ya komunyo ya kwanza kwenye kigango chetu. Watoto huniuliza kama Mungu huondoa hofu. Nadhani wanategemea niseme ndiyo. Huwaambia kwamba mimi hakuniondolea. Nilitembea hadi pale uani na hofu yangu yote, nikasema niliyosema nikiwa nayo, nikarudi nyumbani nayo. Ila haikuniamulia. Tangu siku ile, hicho ndicho ninachokiita imani, na ni kidogo kuliko nilivyofikiri nilipokuwa naongoza rozari kwa sauti kubwa, na kinanitosha.

Mama ametangulia mbele za haki. Baba yupo, mzee sasa, macho yamepungua. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, tukakaa nje tukipukuchua mahindi, na katikati ya mazungumzo ya mvua alisema, bila mimi kumgusia:

"Siku ile uliniuliza swali nikatoka nje."

"Nakumbuka, baba."

"Nilikuwa najua jibu. Nilijua si wewe. Lakini kulisema kungenilazimu kutaja magogo." Alitupa gunzi kwenye kapu. "Hukumuua mtu, mayu. Nilitakiwa kukwambia Ijumaa ile ile."

Nina umri wa kutosha, na nilikuwa nimeshajua hivyo kwa miaka mingi. Hata hivyo ilibidi niweke mahindi chini.